Friji Niliyoinunua Mara Mbili

Tulihama Tabata kwenda Chanika, zote za Dar es Salaam, Agosti 2023, siku ya Jumamosi. Nyumba yetu ya Chanika ilikuwa haijaisha. Ilikuwa na bati, milango miwili, na madirisha yaliyozibwa kwa mabanzi. Dari hakuna, na sakafu ya sebuleni bado ilikuwa kifusi kilichoshindiliwa. Lakini kodi ya Tabata ilikuwa inaisha, mwenye nyumba anataka ya miezi sita mingine, na mimi na mume wangu tukaona hiyo hela heri iende kwenye madirisha yetu wenyewe.

Tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva akasema Sh 80,000 kwa tripu moja. Kwa hesabu yangu sisi tulikuwa watu wa tripu moja, zikizidi sana mbili: watu wazima wawili, watoto wawili, vyumba viwili na sebule. Zilikwenda tatu.

Kwenye tripu ya pili kijana wa kupakia alitoka chumbani amekumbatia boksi kubwa, kidevu kimekaa juu yake. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, na hili linaenda? Maana naona kama halijafunguliwa." Lilikuwa limeshafunguliwa, ila mimi mwenyewe nilikuwa nimelifunga tena kwa selotepu, vizuri kabisa, kona zote nne. Ndani mlikuwa na oveni. Nikamwambia pakia. Akapakia, akarudi ndani kuchukua jingine, na mimi nikabaki pale mlangoni na kitu kimenikaba kooni. Nilikuwa nalipa Sh 80,000 kusafirisha vitu nisivyovitumia, navipeleka kwenye nyumba isiyo na madirisha.

Usiku ule watoto walipolala chini ya neti tuliyoifunga kwenye mbao za kenchi, nilichukua kaunta buku la shule la mwanangu wa kwanza, lililokuwa limebaki na kurasa nyingi nyeupe. Nikaandika kila kitu kilichokuja kwa tripu ya pili na ya tatu. Mbele ya kila kitu nikaweka nilikinunua lini, kwa shilingi ngapi, nimekitumia mara ngapi. Mume wangu akauliza unaandika nini saa hizi. Nikamwambia naandika madirisha yetu. Hakuuliza tena.

Nilifanya jambo jingine ambalo sijui hata lilinijiaje. Kila bei niliigawa kwa mfuko wa saruji, ambao wakati ule dukani kwetu ulikuwa Sh 15,500. Anayejenga atanielewa. Ukiniambia Sh 155,000 nitasikia namba tu, lakini ukiniambia mifuko kumi naona ukuta umepigwa plasta. Daftari lile nililifunga saa saba usiku na sikupata usingizi.

Nianze na friji, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi na ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa.

Niliinunua 2019, ya mtumba, zile zinazoshushwa kwenye makontena na kupangwa nje ya maduka kando ya barabara. Sh 280,000. Mpya ya ukubwa ule ilikuwa Sh 520,000. Muuzaji aliichomeka mbele yangu, ikanguruma, baada ya muda akaniambia ingiza mkono, na kweli ndani palikuwa na baridi. "Dada, hizi ni za Ulaya, hazifi." Nikalipa, nikarudi nyumbani nikijua nimeokoa Sh 240,000. Ndivyo nilivyowasimulia watu kazini, na niliamini.

Wakati ule mita yetu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, la nyumba zisizozidisha uniti 75 kwa mwezi. Waliowahi kuwa kwenye kundi hilo wanaikumbuka namba 9,150. Unanunua umeme wa Sh 9,150, unapata uniti zako 75, mwezi unakatika. Sisi tulikuwa tunatumia kama 50, kwa taa, televisheni, pasi ya asubuhi na feni ya usiku. Mwezi wa kwanza wa friji, uniti 75 ziliisha kabla ya tarehe 22. Nikaongeza, na zinazozidi 75 zina bei yake, kali. Mwezi wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Baadaye tukahamishiwa kundi la kawaida, na huko Sh 10,000 ilikuwa inakupa uniti 28.

Nililalamika sana. Nilisema umeme umepanda, nikamshuku aliyetufungia waya, nikafika mahali pa kumshuku jirani kwamba amejiunganishia kwetu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma kwa sababu alikuwa mama wa watu, hana habari. Karibu mwaka mzima sikuitazama friji hata mara moja. Ilikuwa imekaa pale kona ya jikoni, nyeupe, nimeitandikia kitambaa cha kufuma juu yake.

Siku moja fundi wa friji alikuja kwa huyo huyo jirani, nikamwita apitie na kwangu kwa sababu yangu ilikuwa inatoa maji chini. Hakutoa hata bisibisi. Alichomoa noti ya elfu tano mfukoni mwake, akaiweka kwenye ukingo wa friji, akafunga mlango ikabanwa nusu ndani nusu nje, halafu akaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka laini, bila kushikwa na chochote. Akaibana upande wa juu, ikakaza. Akaibana chini, ikatoka. Upande wa bawaba, ikatoka. "Mama, mpira umekufa. Baridi yote inakimbia, mashine haipumziki. Hebu sikiliza." Tukanyamaza wote wawili. Ilikuwa inanguruma. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliisikia imenyamaza, nikakosa. Nilikuwa nimeuzoea mlio ule kama watu wa kando ya barabara kuu wanavyozoea malori.

Akaniambia saa nne usiku nichomoe kila kitu isipokuwa friji, nizime na taa, nisome mita. Saa kumi na mbili asubuhi nisome tena. Nikafanya hivyo, na tochi ya simu mdomoni. Saa nne ilisoma 31.4. Asubuhi ilisoma 30.7. Kwa saa nane tu, pointi saba. Kwa siku nzima ni uniti mbili na kitu, kwa mwezi ni zaidi ya 60. Friji peke yake ilikuwa inakula kuliko nyumba nzima ilivyokuwa ikila kabla haijaja. Na fundi aliniambia friji mpya ya ukubwa ule, yenye mpira mzima, inakula kama hizo pointi saba kwa siku nzima, usiku na mchana. Maana yake ningenunua ile ya Sh 520,000 tungebaki chini ya uniti 75 na namba yetu ya 9,150.

Kaa na mimi kwenye hesabu hii kidogo. Kabla ya friji mwezi ulinigharimu Sh 9,150. Baada ya kuhamishwa kundi, uniti kama 110 zilinigharimu zaidi ya Sh 39,000. Tofauti ni Sh 30,000 kila mwezi. Kwa miezi kumi ni Sh 300,000, bei ya friji yenyewe na chenji juu. Kwa hiyo niliinunua mara mbili. Mara ya kwanza kwa muuzaji, nikipatana bei na kupunguziwa. Mara ya pili kwenye mita, elfu kumi kumi, usiku, kwa simu, na hapo hapakuwa na mtu wa kupatana naye.

Ninachojutia hasa si kuinunua, kwa sababu sikujua. Ninachojutia ni miaka mitatu iliyofuata. Nilishajua. Mpira wa ukubwa wake haukupatikana, fundi akakata wa friji nyingine akaunganisha, ukakaa miezi miwili ukaachia. Nikaendelea nayo. Mume wangu aliniambia tuiuze, nikamjibu nimeshatoa hela yangu pale, siwezi kuitupa. Jibu hilo nilijipa hata mimi mwenyewe, na lilinitosha. Lakini hela ya friji ilikuwa imeshatoka 2019, imeenda, haikuwa inarudi hata kama ningeitunza friji ile mpaka uzee wangu. Iliyokuwa inatoka kila mwezi ilikuwa hela nyingine, mpya, ya mshahara wa mwezi ule, na hiyo ndiyo niliyokuwa na uwezo wa kuizuia. Siku nilipoona hivyo ilikuwa usiku ule wa Chanika, na friji imeshakuja kwa tripu ya tatu, imesimama sebuleni juu ya kifusi.

Ukienda kununua friji ya mtumba, na wapo wanaopata nzuri, nenda na noti yako. Zunguka nayo mlango mzima, pande zote nne. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike.

Oveni ilikuwa na somo tofauti na nililielewa vibaya kwa muda mrefu. Niliinunua Desemba 2021, wiki tuliyovunja kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Mgao wangu ulikuwa Sh 740,000. Wanaocheza vikoba wanajua ile hela ya mgao inavyokuja. Umeiweka kidogo kidogo mwaka mzima, hisa kwa hisa, lakini ikirudi yote kwa mkupuo unaiona kama umeokota. Oveni Sh 310,000, ambayo kwenye daftari langu ni mifuko 20 kamili. Nia ilikuwa nzuri: nioke keki, niuze kazini na mtaani, niongeze kipato. Nilioka mara nne.

Kila aliyeniuliza nilimwambia LUKU imenishinda. Mpaka usiku ule nilipoamua kupiga hesabu. Oveni yangu ni ya wati 2,000, yaani uniti mbili kwa saa. Keki moja kubwa ilichukua kama saa nzima. Hiyo ni kama Sh 700 ya umeme kwa keki niliyoiuza Sh 25,000. LUKU haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku, na keki inataka mtu aliyepo nyumbani saa kumi jioni, mwenye nguvu za kupiga mayai, wa kusubiri, wa kupamba, wa kumpelekea mteja ikiwa haijabonyea kwenye daladala. Mtu huyo hakuwa anaishi nyumbani kwetu. Nilimnunulia oveni mwanamke niliyetamani niwe, nikampa chumba kizima cha kabati, na yeye hakuja.

Nilipoiona hiyo, vitu vingine kwenye orodha vilianza kujieleza vyenyewe. Ile mashine ya juisi. Vyombo vya udongo vya watu kumi na wawili, wakati hatujawahi kukaribisha watu kumi na wawili. Viatu vya kukimbilia. Vyote vilikuwa vya yule mwanamke.

Simu ni habari fupi, ila inaumiza watu wengi kwa hiyo sitairuka. 2022 simu yangu ilivunjika kioo. Karibu na kituo cha daladala palikuwa na vijana wa simu za mkopo wa kulipa kila siku. Kianzio Sh 60,000, halafu Sh 1,700 kwa siku kwa mwaka mmoja. "Dada, hiyo ni nauli tu," kijana akaniambia, na kweli niliiona ni nauli. Simu ile ile Kariakoo kwa fedha taslimu ilikuwa Sh 400,000. Sikuzidisha. Ukizidisha 1,700 kwa 365 unapata 620,500, weka kianzio, Sh 680,500. Nililipa Sh 280,500 zaidi ya bei, mifuko 18. Na siku ukichelewa inajifunga. Ilijifunga mara moja usiku wakati mama yangu yuko Muheza anaumwa na mdogo wangu ananitafuta. Nilipata habari kesho yake mchana.

Simlaumu asiye na namna nyingine. Kuna watu simu ndiyo kazi, bodaboda, mama anayepokea oda, na laki nne ya pamoja hawaipati hata wafanyeje. Mimi nilikuwa nayo namna. Nilikuwa na hisa kwenye kikoba ninazoweza kuzikopea, na kiswaswadu cha mume wangu, kile kisimu cha vitufe, kilikuwa kwenye droo, kingenivusha miezi miwili. Sikukitaka kiswaswadu kwa sababu ya kundi la WhatsApp la kazini. Siku hizi mtu akinitajia bei ya siku, nafungua kikokotoo cha simu nazidisha mbele yake, polepole, na ninamwonyesha jibu. Wengi wao hawajawahi kuliona.

Sasa sare. Ukiacha umeme wa friji, hapa ndipo palipokuwa na hela nyingi kuliko pote, na sikutegemea kabisa.

Kwenye mabegi mawili ya tripu ya tatu mlikuwa na sare kumi na moja. Za send off, za kitchen party, za harusi, za kipaimara, moja ya arobaini ya bibi. Kwa wastani kitenge kilikuwa Sh 45,000 na fundi Sh 35,000. Themanini elfu mara kumi na moja ni Sh 880,000. Karibu mifuko 57. Ningeambiwa siku moja, haya mama, toa laki nane na themanini za nguo utakazovaa mara moja moja, ningekataa pale pale. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa arobaini na tano elfu, mara kumi na moja, na kila mara na mtu ninayempenda.

Moja sijutii. Ile ya arobaini ya bibi nimeivaa mpaka imepauka mabegani, naivaa nikipika, naivaa nikifua. Nyingine kumi zilikuwa bado na mikunjo ya fundi.

Mwaka jana binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa, na sare ilitangazwa mapema, lesi ya bluu, Sh 70,000 bila kushona. Nilikaa siku tatu na ujumbe ule. Siku ya nne nikampigia shangazi mwenyewe, kwa sababu niliona kumwambia kwa ujumbe ni kumkosea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Lesi umeshaona?"

"Nimeiona shangazi, ni nzuri sana. Mchango wangu nimeshatuma laki moja kwa mweka hazina. Ila sare safari hii sitaweza kununua."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake kwa nyuma. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Sasa utakaa wapi, na wageni waalikwa?"

"Nitakuwa na wewe jikoni tangu asubuhi, shangazi. Nitavaa ile ya harusi ya kaka."

"Haya," akasema. "Haya mwanangu." Akakata.

Sitasema kwamba ilikwisha vizuri. Shangazi hakufurahi, na kwenye picha ya pamoja mimi ndiye niliyevaa kijani kati ya bluu zote, nimewekwa pembeni kabisa. Liliniuma nilipoiona. Lakini usiku wakati tunaosha masufuria, binamu zangu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walinivuta pembeni wakaniambia lesi ile wameikopea. Mmoja alichukua mkopo wa wale watu wa mtaani tunaowaita kausha damu, wa kurudisha kila wiki. Kwa ajili ya lesi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema wazi kwenye vikao vya familia: tuongeze mchango, tupunguze sare, au tuchague rangi na kila mtu avae alichonacho. Wengine wananiona nimebadilika tangu nijenge. Wapo wanaoanza kuafiki. Harusi ya mwezi Mei ilikuwa ya rangi tu, njano na nyeupe, na ilipendeza.

Vitu vile tuliviuza pole pole. Friji ilichukuliwa na fundi kwa Sh 50,000, akaivunja vipuri. Kwa miezi saba tukaishi bila friji, nikinunua samaki wa siku ile ile na maji ya kunywa tukiyaweka kwenye mtungi, na watoto walizoea upesi kuliko mimi. Aprili 2024 tukanunua mpya, ndogo, kwa hela mkononi, na usiku wa kwanza nilisoma mita kabla ya kulala. Asubuhi ilikuwa imekula pointi mbili. Nilimwamsha mume wangu nikamwonyesha.

Oveni ilichukuliwa na mama mmoja wa Chanika anayeoka nyumbani kwake, Sh 130,000, ambayo iliingia kwenye grili ya dirisha la watoto. Yeye yupo nyumbani saa kumi jioni. Sikukuu za kuzaliwa za wanangu naagiza keki kwake, na kila nikienda kuichukua naiona oveni yangu pale mezani, imeungua ungua kwa kazi, milango imejaa unga. Naifurahia.

Kaunta buku lile bado ninalo. Upande wa nyuma nimeanzisha orodha ya vitu ninavyovitaka. Nikitaka kitu kinachozidi Sh 50,000 nakiandika na tarehe, na hakinunuliwi mpaka mishahara miwili ipite. Mume wangu naye anaandika humo humo. Mpaka sasa tumeandika vitu 23, tumenunua 6. Vingine tumevikata kwa mstari, na kuna ambavyo nikisoma leo sikumbuki hata nilivitakia nini. Nilipozitazama tarehe nikaona karibu zote ziko kati ya tarehe 24 na 30, siku za mshahara kuingia. Katikati ya mwezi ninaonekana sihitaji chochote.

Kitu cha mwisho nilichoandika ni cherehani. Nataka kuzibadili zile sare zilizobaki, niwashonee watoto, na baadaye pengine na watu wa mtaani. Nilipokuwa naandika nilikumbuka boksi lenye selotepu kwenye kona nne. Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi anayeshona karibu na soko, nikamwomba niwe nakuja Jumamosi baada ya kufua, nikae kwenye cherehani yake saa mbili, nimlipe Sh 5,000. Akakubali. Wiki ya kwanza nilikata uzi tu na kukanyaga, kukanyaga, mpaka miguu ikaelewa. Sasa nimeshashona foronya sita kutoka kwenye sare ya kitchen party ya 2018, na gauni moja la binti yangu ambalo bega la kushoto limekaa juu kidogo ya la kulia. Analivaa.

Cherehani ipo kwenye daftari, ukurasa wa nne, mstari wa pili. Mishahara minne imeshapita. Fundi anasema nikiweza kutia mkono wa shati bila yeye kushika kitambaa, atanisindikiza Kariakoo mwenyewe kuichagua. Jumamosi hii tunaanza mikono.